WIKI YA CHUO KIKUU: MWANAKIJIJI ANAFUATA NINI HUKO?

Tukisikia maneno haya mawili, "chuo kikuu", wengi wetu twaona ni mambo ya mbali. Twasema: "Huko ni kwa wasomi. Mimi na jembe langu nikafuate nini?" Maneno hayo yanasemwa vijiweni, yanasemwa kilabuni, yanasemwa hata na sisi tuliohitimu kisomo na tunaoweza kusoma gazeti hili bila kusaidiwa.

Lakini tufikiri kidogo. Chuo kikuu cha umma kinaendeshwa kwa fedha za umma. Kila anayelipa ushuru wa mazao sokoni, kila anayenunua sabuni na sukari dukani, anachangia fedha za serikali. Basi mkulima naye ni mchangiaji wa chuo kikuu. Je, mtu aliyechangia kujenga nyumba aogope kubisha hodi?

Katika ukurasa wetu wa leo tutaeleza jinsi wiki moja ya mihadhara, masomo na maonyesho inavyokwenda katika chuo kikuu. Tumechagua Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro. Watu hukiita SUA kwa kifupi. Tumekichagua hicho kwa sababu kazi zake ni kazi zetu: mashamba, mifugo, misitu na chakula.

CHUO HIKI KILITOKA WAPI

Ukifika Morogoro mjini utaiona milima ya Uluguru imesimama kama ukuta. Chini ya milima hiyo ndipo chuo kilipo.

Chuo hakikuzaliwa kikubwa. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha kawaida cha kilimo, kikitoa stashahada. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoundwa, chuo hiki cha Morogoro kiliwekwa chini yake, kikawa kitivo chake cha kilimo. Mwaka 1974 yakaongezwa masomo ya misitu. Mwaka 1976 yakaongezwa masomo ya udaktari wa mifugo. Halafu tarehe 1 Julai, 1984, kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea.

Chuo kina maeneo zaidi ya moja. Eneo moja la chuo huitwa kampasi. Kampasi mojawapo ipo Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mazimbu ina historia yake. Palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, watoto na vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 ndugu zetu hao waliikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania. Leo kampasi hiyo bado inaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu.

KWA NINI WIKI, NA KWA NINI SOKOINE

Kila mwaka chuo hiki hufanya wiki ya kumkumbuka Edward Moringe Sokoine. Miaka ya karibuni wiki hii imekuwa ikifanyika mara nyingi mwezi wa Mei.

Wazee wanamkumbuka Sokoine vizuri, ila vijana inafaa waelezwe. Alizaliwa Monduli mwaka 1938. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili: mara ya kwanza kuanzia 1977 hadi 1980, mara ya pili kuanzia 1983. Mwaka huo wa 1983 aliongoza vita dhidi ya walanguzi, wale waliokuwa wakificha bidhaa ili wauze kwa bei ya kuruka. Tarehe 12 Aprili, 1984, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani Morogoro. Miezi michache baadaye chuo kikuu kipya kikaanzishwa katika mkoa huo huo, kikapewa jina lake.

Basi katika wiki ya kumbukumbu chuo hufungua milango kuliko siku za kawaida. Wageni hualikwa. Wataalamu husema waliyogundua. Kazi za maabara na za mashamba hutolewa nje zionekane. Hapo ndipo mwanakijiji anapopata nafasi.

MANENO YA HUKO NA MAANA YAKE

Mtu akipewa ratiba ya wiki kama hiyo atakuta maneno mageni. Tuyaeleze moja moja, maana asiyejua neno huogopa mlango.

Mhadhara. Huu ni mazungumzo ya mtu mmoja mbele ya watu wengi. Msemaji huitwa mhadhiri. Husimama mbele, huzungumza juu ya jambo moja kwa muda, pengine saa nzima. Wengine husikiliza na kuandika. Akimaliza, mwenyekiti hufungua nafasi ya maswali. Hapo mtu yeyote hunyosha mkono. Katika wiki ya Sokoine kuna mhadhara mkubwa wa kumbukumbu, na mzungumzaji wake hualikwa maalumu.

Semina. Hapa watu ni wachache. Hukaa pamoja, pengine kwa kuzunguka meza, na kila mmoja husema. Kikundi chetu cha kisomo kilivyokuwa kikikaa chini ya mwembe na kubishana juu ya somo la afya, ile ilikuwa semina, ila hatukuiita hivyo.

Kongamano. Ni mkutano wa wataalamu wengi. Kila mmoja huleta utafiti wake na kuueleza kwa dakika chache. Wenzake humhoji. Ukikaa pale utashangaa: wasomi kwa wasomi wanapingana waziwazi, halafu mchana wanakula pamoja. Kwao kuulizwa swali si kutukanwa.

Maonyesho. Hapa vitu huwekwa mezani au uwanjani: mbegu, vyakula vilivyosindikwa, zana, miche, wanyama. Mbele ya kila meza anasimama mtu wa kueleza. Hapa huhitaji kunyosha mkono. Unasogea, unashika, unauliza. Kwa mwanakijiji anayekwenda mara ya kwanza, mahali pa kuanzia ni hapa.

Mafunzo kwa vitendo. Mnapelekwa shambani, bandani au maabara, mnafundishwa kwa mikono. Anayejifunza kukata tawi na kuunga mche wa mwembe atashika kisu mwenyewe. Kusoma tu hakutoshi. Hata wanafunzi wa chuo wenyewe hawamalizi masomo bila kwenda kufanya kazi mashambani na bandani.

MTAALAMU ANAJUAJE?

Hapa pana jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike, maana ndiyo siri ya chuo kikuu.

Mtaalamu anasema: "Mbegu hii inazaa kuliko ile." Mkulima naye anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Umejuaje?"

Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Anakupeleka kwenye shamba la majaribio. Hapo utaona vipande vidogo vidogo vya shamba, kila kimoja kimewekewa kibao. Tuseme anajaribu mbolea. Kipande hiki kimewekwa mbolea. Kipande cha jirani hakikuwekwa. Lakini mambo mengine yote ni sawa: mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda, nafasi ile ile, palizi ile ile. Basi tofauti ikionekana wakati wa kuvuna, ni ya nini? Ni ya mbolea, maana vingine vyote vilikuwa sawa.

Lakini haiishii hapo. Pengine kipande kile kilikuwa na rutuba tangu zamani, labda palikuwa na zizi. Kwa hiyo anarudia vipande hivyo mahali pengi shambani. Tena pengine mwaka huo mvua ilikuwa njema mno. Kwa hiyo anarudia mwaka wa pili na wa tatu, na anajaribu wilaya nyingine. Jambo likionekana lile lile mara nyingi, ndipo anaposema: "Sasa najua."

Mbegu za maharage zimepita njia hiyo. Aina moja iliyotoka chuo hiki mwaka 1990 inaitwa SUA 90. Baadaye zimefuata nyingine, kama Rojo, Pesa na Mshindi. Nyuma ya kila jina kuna miaka ya kupanda, kupima, kutupa na kupanda tena.

Ndugu wasomaji, njia hii si mali ya wasomi peke yao. Hata wewe unaweza. Ukiambiwa juu ya mbegu mpya, usilime shamba zima. Panda mistari michache kando ya mbegu yako ya zamani, siku moja, palizi moja. Vuna kila moja peke yake, pima kwa debe, andika katika daftari. Hapo utakuwa umefanya utafiti. Na ile kalamu uliyoipata katika kisomo itakuwa imekufaa.

MAMBO MATATU YA KUULIZIA

Mtu akienda bila swali hurudi bila jibu. Tunatoa mifano mitatu ya mambo ambayo wataalamu wa kilimo na mifugo wanayajua, na ambayo kijijini yanatugharimu mali na hata uhai.

Jambo la kwanza: kuku.

Nyumba nyingi kijijini hufuga kuku. Ndio benki ya mama: akitaka daftari la mtoto, anauza kuku. Halafu mdondo unaingia. Wengine huuita kideri. Kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, wengine wanapinda shingo, na kwa siku chache banda zima linabaki manyoya.

Mdondo hauna dawa ya kuponya. Una chanjo ya kukinga. Kuna chanjo inayostahimili joto kuliko zile za zamani, ikatufaa sisi tusio na majokofu. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wakubwa na vifaranga wote hupewa. Lakini ifanyike kabla ugonjwa haujaingia. Ukingoja hadi kuku waanze kufa, umechelewa. Na inafaa kijiji kichanje siku moja, maana kuku wa jirani asiyechanja huleta ugonjwa mlangoni kwako. Mambo ya kuuliza ni haya: kichupa kinapatikana wapi? Kinatosha kuku wangapi? Kikishafunguliwa kinakaa muda gani?

Jambo la pili: sumukuvu.

Hili ni zito, tulisome polepole. Mahindi na karanga vikikaa na unyevu huota kuvu, yaani ukungu. Aina fulani za kuvu hutoa sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoitwa sumukuvu. Mara nyingine huioni kwa macho wala huisikii kwa ulimi. Na kupika hakuiondoi. Ugali unaiva, sumu inabaki.

Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo. Watu 20 walikufa. Kenya, mwaka 2004, waliugua watu 317, wakafa 125. Hao walikula chakula cha nyumbani mwao wenyewe. Tena mtu akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, sumu hii huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini.

Tufanye nini? Tuvune mahindi yakishakomaa, tusiyaache yanyeshewe shambani. Tuanike juu ya turubai au mkeka, tusianike juu ya udongo mtupu. Tukaushe vizuri kabla ya kuweka ghalani. Magunia tuyaweke juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi yaliyooza tuyachambue tuyatupe. Tusiyapikie pombe, tusiwape kuku.

Lakini utajuaje kama mahindi yamekauka? Ipo njia ya bei ndogo. Chukua chupa safi ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi kidogo, na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa kwa muda, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu bado, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, yamekauka. Jaribu leo, usingoje hadi uende Morogoro.

Jambo la tatu: panya.

Hapa wengine watacheka. Panya kuna nini cha kujifunza? Sisi twamjua: mwizi wa ghalani.

Basi tusikie. Tangu mwaka 2000 katika chuo hiki cha Morogoro kuna shirika liitwalo APOPO ambalo linafundisha panya buku kufanya kazi. Panya buku ni yule mkubwa, mwenye mifuko ya mashavu ya kubebea chakula. Macho yake hayaoni vizuri, lakini pua yake ni kali sana. Anafundishwa kutambua harufu ya baruti iliyomo ndani ya mabomu yanayofukiwa ardhini wakati wa vita. Akiipata harufu, anakwaruza juu ya ardhi. Mwalimu wake anajua: hapa pana bomu. Kwa kuwa ni mwepesi, bomu halilipuki akilikanyaga.

Anafundishwaje? Kwa uvumilivu na ndizi. Kila akipatia, anasikia mlio mdogo, kisha anapewa kipande cha tunda. Akikosea hachapwi, ila hapati kitu. Mafunzo huchukua miezi tisa au zaidi. Walimu na wazazi tuliangalie hilo.

Panya hawa wamefanya kazi Msumbiji, ambako vita viliacha mabomu mengi mashambani. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu. Wamekwenda pia Kambodia, huko Asia. Mmoja aliyeitwa Magawa alizaliwa hapa hapa Tanzania. Huko Kambodia alitambua mabomu ya ardhini 71 pamoja na silaha nyingine nyingi zilizobaki bila kulipuka. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Wenzake wengine hufundishwa kunusa makohozi ili kutambua kifua kikuu. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi.

Kwa nini tumeeleza habari ya panya? Kwa sababu inafundisha jambo. Mnyama tuliyemdharau, mtu mmoja alimwuliza swali: "Pua hii inaweza kufanya nini?" Chuo kikuu ni mahali pa maswali ya namna hiyo. Na huenda mwanakijiji naye ana swali la namna hiyo nyumbani kwake, juu ya mti fulani, mdudu fulani, au mbegu ya bibi yake, ambalo hakuna mtaalamu aliyepata kulisikia.

TUJIANDAE VIPI

Safari ina gharama. Nauli, chakula, mahali pa kulala. Si rahisi kijiji kizima kwenda. Kwa hiyo tunashauri hivi.

Kwanza, kikundi kikae. Kiwe kikundi cha kisomo, cha ushirika, cha akina mama, au cha wafugaji. Kila mmoja ataje tatizo moja la shamba au la mifugo. Mwandishi aandike yote. Halafu mchague maswali matano yanayogusa watu wengi.

Pili, mchague wajumbe. Wawili au watatu. Mmoja awe mwanamke, na isiwe kwa heshima tu. Katika nyumba nyingi anayejua ghala lina unyevu ni mama, na anayejua kuku yupi alianza kuugua ni mama. Akibaki nyumbani, swali lake linabaki nalo.

Tatu, mjumbe abebe ushahidi. Jani lenye ugonjwa alifungie katika karatasi, aeleze lilitoka wapi na lini. Udongo kidogo autie katika mfuko safi. Daktari hawezi kumtibu mgonjwa asiyemwona, na mtaalamu wa mimea vile vile. Lakini mnyama mgonjwa asisafirishwe, maana atasambaza ugonjwa njiani. Huyo aelezwe kwa maneno, au mpigwe picha kwa simu.

Nne, mjumbe aulize tarehe mapema. Bwana shamba au bibi shamba wa kata anaweza kuuliza. Afisa mifugo pia. Chuo hutangaza ratiba yake kabla ya wiki kufika.

Tano, akiwa huko aandike. Asiseme, "Nitakumbuka." Kichwa ni kapu lenye tundu. Aandike jina la mbegu, bei yake, mahali inapouzwa, na simu ya ofisi ya kuulizia.

Sita, na hili ndilo kubwa: akirudi aitishe mkutano, asome alichoandika. Mjumbe aliyekula nauli ya kikundi na akakaa kimya, ameiba. Tunasema bila kuficha.

TUSIONE HAYA KUULIZA

Tunajua kinachotuzuia wengi. Ni haya. Mtu mzima anaogopa kusimama mbele ya wenye shahada, aseme neno vibaya, achekwe. Tena baadhi ya wataalamu huchanganya Kiingereza katika mazungumzo, mkulima anabaki akitikisa kichwa kama ameelewa, kumbe hakuelewa.

Dawa yake ni maneno machache tu. Sema: "Samahani mwalimu, hapo sijaelewa. Naomba urudie kwa Kiswahili cha kawaida." Hakuna aibu hapo. Mtaalamu anayeijua kazi yake vizuri ataieleza kwa maneno mepesi, na wengine kumi waliokuwa wakitikisa vichwa watakushukuru moyoni.

Ukiambiwa juu ya kifaa au dawa, uliza mambo manne. Inagharimu kiasi gani? Inapatikana karibu na kwetu? Ikiharibika nani anatengeneza? Imejaribiwa mahali penye mvua na udongo kama wetu? Mashine nzuri isiyokuwa na vipuri wilayani ni chuma chakavu. Waambie ukweli huo, ili nao wajifunze.

Tena tusidanganyike na sherehe. Katika wiki kama hizi kuna ngoma, kuna michezo, kuna kofia na fulana. Vyote ni vizuri, mtu afurahi. Lakini anayerudi na kofia tu, amefuata kivuli akaacha mti.

WASIOWEZA KUSAFIRI

Je, anayekaa Kigoma au Mtwara afanye nini? Mambo ni mawili matatu.

Chuo kina Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza, ambayo kazi yake ni kufikisha elimu kwa walio nje ya chuo, wakiwemo wakulima. Maktaba ya chuo, ambayo pia ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo, imekusanya maandishi ya kilimo kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima, na mengine yanasomeka kwa njia ya intaneti. Kijana mwenye simu anaweza kuyafungua, akawasomea wazee. Isitoshe, kuna maonyesho ya Nane Nane kila Agosti katika kanda mbalimbali, ambako wataalamu husogea karibu nasi zaidi.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vilikaa kuzunguka redio moja, vikasikiliza, vikasoma kitabu, kisha vikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Hawakusafiri kwenda popote. Somo lilikuja, nao wakalitumia. Njia hiyo haijapitwa na wakati.

TUMALIZIE

Kisomo ni kama jembe. Jembe likikaa bila kulima hushika kutu. Wengi waliojua kusoma wamesahau, kwa sababu hawakupata la kusoma wala sababu ya kuandika. Maswali matano ya kikundi, daftari la mjumbe, mistari miwili ya mbegu iliyopimwa kwa debe: hizo ndizo sababu.

Chuo kikuu nacho kinahitaji kitu kutoka kwetu. Mtafiti asiyeulizwa na mkulima atatafiti mambo anayoyapenda yeye. Akiulizwa, atatafiti yale yanayotusumbua sisi. Kwa hiyo twende, na kama hatuwezi kwenda, tutume maswali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya mhadhara na semina? Kikundi chetu kinafanana na kipi?

2. Kwa nini mtaalamu hupanda vipande vingi vya shamba, na kurudia mwaka hadi mwaka?

3. Nani kijijini petu huanika mahindi juu ya udongo? Kwa nini? Turubai ni bei gani? Je, watu wanne wanaweza kununua moja pamoja?

4. Mara ya mwisho mdondo uliingia lini kijijini kwetu? Kuku wangapi walikufa? Gharama ya chanjo ingekuwa kiasi gani?

5. Kama tungetuma wajumbe wawili mwakani, tungewapa maswali gani matano? Yaandikeni leo.